Kobalti inapanda gari, sisi tunatembea kwa miguu

Wandugu, kuna picha inazunguka sana kwenye simu zetu. Kigari kidogo, mviringo kama yai, bila dereva, bila usukani, kinateleza katikati ya miti na magorofa ya vioo. Watu wanne wako ndani wanacheka. Juu yake imeandikwa: "Mji wa kesho." Na chini, wenzetu wengine wanajibu: "Afrika iruke hatua! Tusipoteze tena wakati na mabus."

Hatutajibu kwa matusi. Tutajibu kwa hesabu.

Kwanza tuseme wazi: sisi hatuna chuki na mashini. Vigari visivyo na dereva si ndoto, na si vya leo. Huko Morgantown, mji mdogo wa Marekani, vinatembea tangu mwaka 1975. Vinabeba wanafunzi wa chuo kikuu, kila kimoja watu wapatao 20, kwenye njia yao wenyewe ya zaidi ya kilometa 13. Huko Uholanzi, karibu na Rotterdam, vibus bila dereva vilianza kazi mwaka 1999: unashuka metro kwenye stesheni ya Kralingse Zoom, unapanda kibus, kinakufikisha kwenye maofisi ya Rivium. Ni jambo zuri. Havitoi moshi, havipigi honi, havigombanii abiria.

Lakini mwenye kutuonyesha picha hatuambii vitu vitatu.

Kitu cha kwanza: vigari hivyo viko na njia yao. Hakuna moto, hakuna lori la shaba, hakuna mama mwenye bidoni kichwani anayekatiza mbele. Sisi hapa Lubumbashi hata mtu wa mguu hana njia yake. Mvua ikinyesha, mufereji inakuwa barabara na barabara inakuwa mufereji.

Kitu cha pili: ni feza za umma ndizo zilivijenga. Morgantown gharama zilizidi mara kadhaa hesabu ya kwanza, na serikali ya Marekani ndiyo ilibeba mzigo. Hata pale ambapo makuta ni mingi, hesabu ilikataa. Masdar, mji mpya karibu na Abu Dhabi, ulipangwa uwe bila magari, na watu wote wasafiri kwa vigari vya namna hiyo. Vikaanza mwaka 2010. Kisha mpango mkubwa ukaachwa kwa sababu ya gharama, ikabaki njia fupi isiyofika kilometa mbili. Wenye petroli walishindwa kupanua. Nani atatulipia sisi?

Kitu cha tatu, na ndicho kikubwa: kule Rotterdam kigari ni mkia. Ng'ombe ni metro, ni tramu, ni mabus yenye saa na bei inayojulikana. Kigari kinamaliza ile safari fupi ya mwisho tu. Sasa mtu akija kukuuzia mkia, na ng'ombe hauna, huyo anakuuzia nini?

Ng'ombe wetu yuko wapi? Muulizeni mama anayetoka Ruashi saa kumi na moja ya asubuhi kwenda kuuza kwenye soko la Kenya. Muulizeni mwanafunzi wa Katuba anayefika darasani amelowa jasho. Muulizeni ndugu zetu wa Kinshasa juu ya demi-terrain, pale dereva anapokata safari katikati ili ulipe mara mbili. Kwa hao, mji endelevu si yai la vioo. Ni bus inayopita kila siku, kwa saa yake, kwa bei moja, mvua inyeshe isinyeshe. Bus moja iliyojaa inaondoa barabarani magari mengi kuliko picha elfu za mji wa kesho.

Tena kuna jambo linalotuuma zaidi. Hayo magari ya umeme ya dunia yanakula nini? Yanakula umeme na betri. Na hapo, wandugu, tunaingia nyumbani kwetu.

Umeme: laini kubwa inatoka Inga mpaka Kolwezi, karibu kilometa 1.700, ilimalizika mwaka 1982 kwa ajili ya migodi. Inapita juu ya vijiji ambavyo mpaka leo vinawasha kibatari. Sisi wa mjini tunaishi na delestaje: unachaji simu usiku wa manane, kama mwizi.

Betri: kwa kila kilo kumi za kobalti zinazochimbwa duniani, zaidi ya saba zinatoka Kongo, na karibu zote zinatoka hapa, Lualaba na Haut-Katanga. Malori yanapita mbele yetu kwenda Kasumbalesa, vumbi inabaki kwetu. Kobalti yetu inapanda gari la umeme katika miji ya wengine. Sisi tunatembea.

Na tusijidanganye kwamba itakuwa hivyo milele. Si kila betri inatumia kobalti, na wanunuzi wanaongeza kila mwaka zile zisizo nayo. Siku watakapoacha kuihitaji, mashimo yatabaki Kolwezi, na sisi tutabaki tunasimulia watoto kwamba zamani tulikuwa matajiri. Kwa hiyo swali la transport si la kesho. Ni la leo, wakati makuta bado inaingia.

Maana inaingia! Sheria ya migodi ya mwaka 2018, pamoja na dekreti iliyoifuata, zinasema hivi: kobalti ni madini ya kimkakati, kampuni inalipa redevansi ya asilimia 10. Katika redevansi hiyo, serikali kuu inachukua asilimia 50, provensi 25, na asilimia 15 ni ya mji, komini, sekta au shefferi ambako mgodi uko. Asilimia 10 inayobaki ni ya vizazi vijavyo. Vizazi vijavyo ni nani? Ni sisi ambao tumesimama hapa tunangoja taxi-bus.

Ndiyo sababu tunadai, bila kuzunguka:

Moja, kila komini na kila sekta inayopokea ile asilimia 15 ibandike mlangoni, kila miezi mitatu: tumepokea ngapi, tumefanya nini.

Mbili, sehemu ya feza hizo inunue mabus ya umma na kujenga njia za watu wa mguu na mifereji. Njia ya bus kwanza, mapambo ya rond-point baadaye.

Tatu, wamotari wetu, wale tunaowaita manseba, waandikishwe, wafundishwe, wapewe kofia na vituo, na usumbufu wa njiani uishe. Wengi wao wako na diplome mfukoni. Mtu anayetuimbia gari bila dereva atuambie kwanza dereva ataenda kula wapi.

Tutaambiwa: "Nyinyi vijana munapinga maendeleo." Hapana. Kinshasa, mwaka 2013, wahandisi wanawake wa Kikongo walitengeneza robot za kuongoza magari, zinazotumia jua, zikasimamishwa barabarani na dunia nzima ikaja kupiga picha. Akili tuko nayo. Lakini robot inaweza kusimamisha magari. Haiwezi kuleta bus ambayo haikununuliwa. Hiyo ni kazi ya wenye kuchaguliwa.

Na siku Lubumbashi itakuwa na mabus yake, barabara zake na umeme usiolala, basi vile vigari vije. Tutavipanda kwa furaha, na tutataka betri zake zitengenezwe hapa.

Mpaka siku hiyo, kijana, fanya kitu kimoja wiki hii. Ita wenzako watatu, muende pamoja kwa burugumestre wako. Muulizeni kwa heshima, kwa maandishi, na mubaki na kopi yenye stampu: ile asilimia 15, iko wapi? Akisema komini yake haipokei, aandike vilevile. Kisha mututumie jibu. Akinyamaza, mututumie kopi, na sisi tutarudi pamoja nanyi, wengi, kwa miguu. Kutembea tumeshazoea.