Makosa ya Mpandaji Pikipiki

Watu wakusanyikapo penye pikipiki iliyoanguka barabarani, neno la kwanza husemwa ni lile la wazee, "Ajali haina kinga." Neno hilo ni kweli kwa mti uliong'olewa na upepo usiku. Walakini kwa pikipiki mara nyingi si kweli, maana ajali nyingi huwa zimeanza zamani, tangu siku ile mpandaji alipojifunza kazi yake nusu nusu.

Mwaka 1981 ilitolewa taarifa ya uchunguzi wa Profesa Harry Hurt na wenzake wa Chuo Kikuu cha Southern California, nchini Marekani. Walichunguza ajali zaidi ya 900 katika mji wa Los Angeles na kando yake. Waliona kwamba katika kila wapandaji 100 walioanguka, 92 hawakupata kufundishwa na mwalimu. Walijifunza peke yao, au kwa ndugu na rafiki. Los Angeles ni mbali, lakini habari hiyo si ngeni katika Kenya. Kijana hupewa pikipiki ya mwenzake kiwanjani jioni, na baada ya siku chache amekwisha kubeba mama na mtoto mgongoni.

Kosa la kwanza ni la breki. Wapandaji wengi huambiwa kwamba breki ya mbele itawapindua, kwa hiyo huitegemea ile ya nyuma tu, ikanyagwayo kwa mguu. Lakini pikipiki inapozuiwa, uzito wake mwingi huelemea mbele. Gurudumu la nyuma huwa jepesi, husimama kuzunguka, na kuteleza. Hurt aliona kosa hilihili: mpandaji aliyeshtuka alikanyaga breki ya nyuma kwa nguvu, na ile ya mbele hakuitumia ipasavyo. Njia iliyo njema ni kuzitumia zote mbili pamoja, na kuibana ya mbele pole pole huku nguvu ikizidishwa. Juu ya changarawe au matope yapasa kuibana kwa wepesi zaidi, na kupunguza mwendo kabla ya kuingia konani, si ndani yake.

Kosa la pili ni mwendo. Pikipiki iendayo kilomita 60 kwa saa hupita karibu mita 17 kila sekunde, hata kabla mkono haujagusa breki. Tena, mwendo ukizidishwa mara mbili, nafasi ya kusimama baada ya kushika breki haizidi mara mbili, bali mara nne. Mtu aliyezoea kusimama vizuri kwa mwendo wa kilomita 30 asidhani kwamba kwa 60 atahitaji nafasi maradufu tu. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi huongeza hatari, kwa kuwa vumbi na mafuta yaliyomwagika huwa utelezi juu ya lami.

Kosa la tatu ni kudhani kwamba umeonekana. Pikipiki ni kitu chembamba, na dereva wa gari huweza kutazama njia asiione. Kwa ajili hiyo yafaa taa iwake hata mchana, na koti liwe la rangi ing'aayo. Mpandaji mwenye busara hapiti upande wa kushoto wa lori penye njia panda, kwa maana lori likikata kushoto hana pa kukimbilia. Na dereva aliye juu hawezi kumwona aliye chini ya ubavu wake.

Kosa la nne ni mzigo. Sheria ya Kenya huruhusu abiria mmoja tu, na yapasa mpandaji na abiria wavae helmeti. Abiria watatu, au magunia yaliyorundikwa nyuma, hulipunguzia gurudumu la mbele uzito, na usukani hukosa utii. Helmeti nayo hainingʼinizwi mkononi ili ionekane na polisi. Shirika la Afya Duniani lasema kwamba helmeti ikivaliwa sawasawa, na mkanda wake ukifungwa, hupunguza hatari ya kufa katika ajali zaidi ya mara sita.

Mambo haya si ya mpandaji peke yake. Mkulima auzapo ng'ombe ili amnunulie mwanawe pikipiki, hununua mashine, mafuta na kiti kizuri, lakini fedha za mwalimu huona kuwa ni hasara. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na ulimwengu wa barabara hufundisha mara moja tu. Basi, fedha za mafunzo zihesabiwe pamoja na bei ya pikipiki yenyewe. Naye karani achelewaye kazini asimhimize mpandaji akimbie. Na akiwakuta wawili wamekwisha kuketi, asubiri pikipiki nyingine. Dakika kumi za kuchelewa huombewa radhi ofisini. Mguu uliokatwa hauombewi radhi popote.