Jogoo wa Socrates na dola 475,000

Hivi kwa nini kila sayansi mpya ya tiba ikitajwa, neno la kwanza kutoka midomoni mwetu ni "wanacheza na kazi ya Mungu"? Nimelisikia kwenye daladala, nimelisikia redioni, na kinachoniudhi zaidi, nimelisikia kwa watu niliosoma nao chuo kikuu. Safari hii wanaosemwa ni wale wanaobadili seli za kinga ya mwili ili zipigane na saratani. Jamani, tunabweka mlango wa mbele wakati mwizi anapitia wa nyuma.

Kwanza tuelewane. Damu ya mgonjwa inachukuliwa, zinachambuliwa seli T, ambazo ni askari wa mwili. Maabara zinaingizwa jeni mpya, mara nyingi kwa kubebwa na kirusi kilichoondolewa uwezo wa kuzaliana. Jeni hiyo inaziotesha kipokezi cha kutambua alama fulani, kwa mfano ile iitwayo CD19 iliyo juu ya seli B. Zinakuzwa hadi kufikia mamilioni, kisha mgonjwa anarudishiwa askari wake mwenyewe. Mwaka 2012, huko Philadelphia, Emily Whitehead, binti wa miaka 6 mwenye saratani ya damu, alikuwa mtoto wa kwanza kutibiwa hivyo. Kinga yake ilichachamaa nusura imuue, lakini akapona, na zaidi ya miaka 10 baadaye alikuwa hai na mzima. Si kila mtu hupona. Wengine ugonjwa huwarudia, na saratani za uvimbe mgumu bado zinaisumbua tiba hii.

Sasa, kipokezi hicho wataalamu wamekipa jina linalotokana na Chimera, zimwi la Wagiriki wa kale: mbele simba, katikati mbuzi, nyuma nyoka. Wenye hofu watashangilia: "Si mnaona? Wamekiri wenyewe!" Haya, kama ni Wagiriki, twendeni kwa Wagiriki.

Wao walikuwa na Asclepius, mwana wa Apollo, bingwa wa tiba. Alimfufua mtu, Zeus akampiga radi. Ukiishia hapo utadhani kosa lake lilikuwa kuingilia kazi ya miungu. Lakini mshairi Pindar, karne ya 5 KK, anaeleza kilichomvuta Asclepius: dhahabu. Plato naye, katika kitabu cha 3 cha Jamhuri, alikasirishwa na habari hiyo. Hoja yake ni fupi: kama Asclepius alikuwa mwana wa mungu, hakuwa na tamaa ya mali. Kama alikuwa na tamaa, basi hakuwa mwana wa mungu. Mnaona swali lilipo? Halikuhusu uwezo wa kuponya. Lilihusu malipo.

Agosti 2017 Marekani iliidhinisha tiba ya kwanza ya aina hii, na kampuni ya Novartis ikatangaza bei: dola 475,000 kwa dozi moja. Hapo hujalipia kitanda. Radi ya Zeus ingepaswa kuelekezwa hapo.

Lakini Plato huyo huyo namkatalia jambo jingine. Katika kitabu hicho hicho anamsifu fundi seremala ambaye akiambiwa tiba yake ni ndefu, anajibu kwamba hana nafasi ya kuugua, anarudi kazini. Akipona, vizuri. Akifa, ameondokana na taabu. Tajiri anaweza kujiuguza maisha yake yote, seremala hawezi, na Plato anaona seremala kafanya sawa! Leo hakuna waziri wala mkurugenzi atakayethubutu kumwambia hivyo fundi wa Keko. Tunaiachia bei imwambie. Ndipo sisi waandishi tunachapa picha ya mtoto mgonjwa na namba ya kuchangia, tunajiona tumetimiza wajibu.

Najua jibu linalokuja: utafiti ni ghali. Sawa, ni ghali. Lakini misingi yake ilijengwa vyuo vikuu, kwa sehemu kubwa kwa fedha za umma na za wahisani. Na Oktoba 2023 India iliidhinisha tiba yake, NexCAR19, iliyotokana na kazi ya IIT Bombay na hospitali ya Tata Memorial, kwa bei inayokaribia sehemu ya kumi ya ile ya Marekani. Kumbe bei si amri ya mbinguni! Hata hiyo sehemu ya kumi seremala wetu haiwezi, ila imeonyesha kwamba bei hushuka pale nchi inapoamua kujifunza kutengeneza.

Wala tusiende mezani kama ombaomba. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyekuwa Uganda, alieleza uvimbe wa taya aliouona kwa watoto wa huko. Ni saratani ya seli B, seli zile zile zinazowindwa leo. Sampuli za uvimbe huo zilisafirishwa hadi London, na mwaka 1964 zikawezesha kugunduliwa kirusi cha Epstein-Barr, cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu. Watoto wetu walichangia kitabu hiki tangu kurasa za mwanzo. Kwa nini wajukuu zao waambiwe hakiwahusu?

Kwa hiyo wanaotaka kuhubiri, wahubiri bei. Wanaotutawala watuambie vijana wangapi wanapelekwa kusomea kazi hii, na maabara itajengwa lini. Socrates, kabla sumu haijammaliza mwaka 399 KK, alikumbusha kwamba wanadaiwa jogoo na Asclepius. Jogoo! Sadaka ambayo hata seremala angeimudu.

Haya, uwanja ni wenu. Anayeona nimekosea, aje na hoja.