Jua Kali na Donda Ndugu: Lugha ya Tahadhari ya Saratani ya Ngozi Nyanda za Juu Kusini

Elimu ya afya huhesabiwa kuwa kazi ya daktari. Hata hivyo, daktari huitenda kwa maneno, na maneno yana mazoea yake. Tahadhari ya kawaida kuhusu saratani ya ngozi ni "epuka jua kali". Katika Kiswahili, ukali wa jua hupimwa kwa joto. Mbeya na Iringa ni miji iliyo juu ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Mwezi Juni na Julai watu hutoka nje kuota jua, hata adhuhuri. Kwao jua hilo ni neema. Lakini miale ya urujuanimno haihisiwi kama joto, na nguvu yake huongezeka kwa takribani asilimia 10 katika kila mita 1,000 za mwinuko. Hivyo mtu mwenye ualbino, ambaye ngozi yake ina upungufu mkubwa wa melanini, huungua pasipo kusikia joto, akiamini kuwa tahadhari ile haikumhusu.

Istilahi ya pili ni "donda ndugu". Jina hilo humzoeza mgonjwa kuishi na kidonda kama aishivyo na jamaa. Kumbe kidonda au gamba lisilopona usoni, sikioni au mdomoni laweza kuwa saratani inayoanza, ambayo ikitambuliwa mapema huondolewa kwa upasuaji mdogo. Mgonjwa aliyechelewa, akipewa rufaa kwenda Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, husafiri zaidi ya kilomita 800 kutoka Mbeya.

Huenda ikadaiwa kwamba neno "saratani" latosha. La hasha. Neno hilo hutaja alichokigundua daktari, ilhali mgonjwa huhitaji jina la kile anachokiona mwenyewe.

Inafaa, basi, tahadhari itungwe kwa vipimo ambavyo kila mtu anavyo. Kivuli kikiwa kifupi kuliko kimo cha mwenyewe, avae kofia pana na nguo za mikono mirefu, ijapokuwa kuna baridi. Kidonda kisichopona kwa majuma manne kionyeshwe hospitalini. Weusi wa ngozi nao usimpumbaze mtu: nyayo zikaguliwe pia, kwani melanoma ya Waafrika wengi huanzia huko.

Wanaisimu wameunda istilahi nyingi kwa ajili ya wataalamu. Deni lililobaki ni la mgonjwa.