Ukienda Kericho, lala kwa watu na ulipe

Kila likizo ndefu ikifika, simu zetu zinajaa picha ileile. Msee amesimama katikati ya majani chai, nguo nyeupe, mikono hewani. Jioni anarudi kulala kwa ghorofa ambalo mwenyewe anaishi Nairobi, funguo aliachiwa na mlinzi. Muulize alikutana na nani huko Kericho. Atakutajia askari aliyemfukuza shambani, maana yale mashamba makubwa ni ya kampuni na huingii tu hivi hivi.

Mimi nakwambia, ukienda Kericho au Bomet, tafuta familia ikulaze. Si kwa shangazi yako. Naongelea nyumba yenye ekari moja au mbili za chai, watoto wameshatoka kutafuta maisha, vyumba viwili viko tupu na vitanda bado vimetandikwa. Nyingi hazina bango barabarani. Unaunganishwa na mtu anayemjua mtu.

Kwani inawasaidia nini? Piga hesabu. Mkulima mdogo anayepeleka majani kwa kiwanda cha KTDA analipwa kwa kilo kila mwezi, halafu anangoja bonasi, ambayo kwa kawaida inakuja karibu na Oktoba. Bonasi ya huku magharibi mwa Bonde la Ufa imekuwa ndogo kuliko ile ya wenzao wa kando ya Mlima Kenya, na kila mwaka ni kelele. Sasa chukua shilingi 25 kwa kilo. Ukilala usiku mmoja kwa 1,500, umelipa sawa na kilo 60 za majani mabichi, na hapo hakuna mchumaji wa kulipwa wala mbolea ya kukatwa. Usiku mmoja tu. Na hiyo pesa haingoji Oktoba.

Shida kubwa si vyumba. Shida ni aibu. Sisi tumelelewa tukijua mgeni halipishwi. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, lakini hata huyo wa jembe hakuna aliyesema adaiwe pesa. Kwa hivyo kogo (ndivyo nyanya anavyoitwa kule) anakulisha asubuhi, mchana na jioni, ukimuuliza bei anacheka na kusema, "Utaona mwenyewe." Na wewe uliyetoka Nairobi na akili ya kubana, unaona 500 inatosha. Buda, hiyo ni tabia mbaya. Hoteli yenye vyumba vya baridi uliilipa bila kupunguziwa hata shilingi. Ulizia bei kwa simu kabla ya kusafiri, ongea na kijana wa hapo nyumbani kama mama anaona haya, na ulipe siku unayofika. Ukishalipa kila mtu anapumua, hata maongezi yanakuwa matamu.

Na maongezi ndiyo mali. Hotelini utaambiwa muda wa kiamshakinywa. Hapa utajifunza kwamba ukiambiwa "Chamgei" unajibu "Chamgei" kabla ya kuuliza nenosiri la intaneti. Utapewa mursik kutoka kwa kibuyu, yale maziwa yaliyolala na mkaa wa mti wa senetwet, ambayo wengi wetu tumeyaona tu kwa televisheni wanariadha wakinyweshwa uwanja wa ndege. Asubuhi utafungwa kikapu mgongoni uchume majani mawili na chipukizi, na baada ya nusu saa mgongo utakwambia kwa nini mchumaji hataki picha yako. Inatakiwa zaidi ya kilo nne za majani mabichi kupata kilo moja ya ile chai ya dukani. Jioni mzee akikaa vizuri atakueleza vile wakoloni walichukua ardhi ya Wakipsigis wakapanda chai, na vile ukoo wa Talai ulihamishwa kwa nguvu mpaka Gwassi mwaka 1934. Hayo huwezi kuyaona ukiwa umesimama na nguo nyeupe shambani.

Sasa serikali. Sheria ya Utalii ya mwaka 2011 inaiweka nyumba ya familia inayolaza wageni kwenye kundi moja la leseni na hoteli. Kogo wa vyumba viwili na hoteli ya vyumba mia, kapu moja! Si ajabu wengi wanafanya kimyakimya, na anayefanya kimyakimya hawezi kuweka bango wala kulalamika mgeni akitoroka bila kulipa. Cuba waliruhusu familia kukodisha vyumba mwaka 1997, wakawapa leseni yao wenyewe na alama ya kubandika mlangoni. Ushuru wao ulikuwa mkali, hapo tusiige. Lakini kaunti za Kericho na Bomet zinaweza kuketi na mamlaka ya utalii zipate fomu ya ukurasa mmoja, ada ndogo, na mtu wa kuja kuangalia choo, maji na kufuli. Kijana aliyesoma utalii akakosa kazi yuko hapo hapo kijijini. Mpeni hiyo kazi.

Mpaka hapo, jilinde. Kama wewe ni msichana unayesafiri peke yako, uliza kama mlango wa chumba unafungwa kwa ndani, na utumie rafiki mahali ulipo. Usirudi saa sita usiku ukigonga geti. Ukija na mpenzi, sema mapema, maana nyumba nyingine hazitawalaza chumba kimoja na huko si kwako kubishana.

Halafu beba sweta na buti. Mvua ya Kericho inapenda kuja alasiri, na siku nyingine inakuja na mawe.