Mgeni wa harusi asimtie mwenyeji wake dhikini



Ndugu wasomaji, kadi ya harusi ifikapo Tanga, Kondoa au Lindi kutoka kwa jamaa aliyeko Dar es Salaam, nyumba nzima huchangamka. Kuitika mwaliko ni katika haki za Muislamu juu ya nduguye, na wanazuoni wengi wamesema kuitika walima wa ndoa ni wajibu kwa asiye na udhuru. Lakini umbali na gharama zisizobebeka ni udhuru. Asiyeweza kusafiri ila kwa kukopa, apige simu mapema, aeleze hali yake na awaombee dua maharusi. Kufanya hivyo si dharau. Makala hii ni kwa yule aliyekwisha kunuia safari.

Hesabu ya watu

Bukhari na Muslim wamepokea kuwa sahaba wa Kianswari, Abu Shuaib, alimwalika Mtume (s.a.w.) kwa chakula cha watu watano. Njiani akawafuata mtu wa sita. Mtume (s.a.w.) hakumpitisha kimyakimya, alimfahamisha mwenye nyumba kuwa mtu huyu amewafuata, akamwachia hiari ya kumruhusu au kumrudisha. Abu Shuaib akamruhusu.

Ikiwa Mtume (s.a.w.) aliombea idhini mtu mmoja tu, sisi tuna hoja gani tunaposhuka kituoni watu wanane kwa kadi ya watu wawili? Tukumbuke hali ya wenyeji wetu. Tandika, Mtoni, Mbagala na Mwananyamala, familia nyingi huishi katika vyumba viwili vya kupanga, choo ni cha wapangaji wote, na maji mara nyingi hununuliwa kwa madumu. Wageni sita wakilala hapo, baba hulala kwa jirani na watoto hulala jikoni.

Basi mgeni ataje idadi ya watu wake wiki mbili kabla, na aseme ni wanaume wangapi na wanawake wangapi. Wenye uwezo wapange gesti iliyo karibu. Kwa wanaume, upo mlango mwingine: sisi wa kamati za misikiti tukiarifiwa mapema, aghlabu tunaweza kuwapatia darasa la madrasa na mikeka. Tukiarifiwa saa nne usiku, hatuna la kufanya.

Njia na mahali

“Harusi ni Temeke” si maelezo ya kutosha. Wilaya ya Temeke inaenea hadi Mbagala na Chamazi; Kinondoni inaanzia karibu na katikati ya jiji na kufika Bunju. Jina la msikiti peke yake nalo halitoshi, kwani Masjid Nuur, Taqwa na Rahma zimo katika mitaa mingi. Uliza mtaa, kituo cha daladala, na namba za simu za watu wawili, kwa kuwa simu ya baba wa bibi harusi siku hiyo haipokewi.

Mabasi ya Tanga, Moshi, Morogoro na Dodoma huishia Kituo cha Magufuli, Mbezi Luis, kilichochukua nafasi ya Ubungo mwaka 2021. Kutoka hapo hadi Mbagala ni safari nyingine. Itengewe saa mbili au zaidi. Anayekwenda Bunju au Tegeta akitokea Tanga, aulize kama liko basi lipitalo Msata na Bagamoyo, asizunguke mjini bure. Mabasi ya Lindi na Mtwara huingia kwa Barabara ya Kilwa na kupitia Mbagala, hivyo mgeni wa huko hana haja ya kwenda mjini kisha akarudi. Katika masika, Machi hadi Mei, bonde la Jangwani hufurika na Barabara ya Morogoro hufungwa mara kwa mara. Safari ya miezi hiyo iwe ya siku moja kabla.

Walii kwanza

Mgeni wa kawaida akichelewa, atakosa pilau. Walii akichelewa, ndoa yenyewe itasimama. Katika madhehebu ya Shafi, yaliyoenea pwani yetu, nikaha haisihi bila ya walii na mashahidi wawili. Nasi tumeshuhudia akdi iliyopangwa baada ya Alasiri ikisogezwa hadi baada ya Isha, kwa kuwa baba wa binti yumo ndani ya basi, nalo limekwama Kimara. Walii afike jioni ya kuamkia akdi. Akihofia kuchelewa, amuwakilishe mtu muadilifu kwa kauli ya wazi, mbele ya mashahidi, kabla hajapanda basi.

Swala ya msafiri

Aliyetoka Tanga, Dodoma au Lindi amevuka masafa ya safari. Ataswali Adhuhuri, Alasiri na Isha rakaa mbili mbili. Magharibi na Alfajiri hazipunguzwi. Akiswali nyuma ya imamu mkaazi, atatimiza nne. Na akinuia kukaa siku nne kamili, mbali na siku ya kufika na ya kuondoka, huyo si msafiri tena tangu alipofika. Kina mama walioko kwenye pishi wapeane zamu, kwani Magharibi ndiyo hupotea kwenye moshi wa masufuria.

Sare, picha na zawadi

Kina mama wasilazimishane sare. Anayeshindwa kununua kitambaa asionekane kuwa si ndugu. Ndani ya ukumbi wa wanawake, ambamo wengi wamejipamba na kuvua mitandio, simu zikae mkobani. Picha moja ikirushwa katika kundi la familia, jioni hiyo hiyo imeonwa na wasiostahiki, na hairudishiki. Na baada ya zawadi ya maharusi, mkumbuke aliyekulaza. Machungwa ya Muheza, korosho za Mtwara au mchele kilo tano humsaidia mwenyeji kuliko shukrani za mdomo.

Siku ya kuondoka

Twasema “mgeni njoo, mwenyeji apone”. Sheria imeuwekea uponaji huo mpaka. Mtume (s.a.w.) amefundisha kuwa ukarimu kwa mgeni ni siku tatu, na zaidi ya hapo ni sadaka, na kwamba si halali kwa mgeni kukaa mpaka akamtia mwenyeji wake katika dhambi. Masahaba walipouliza vipi humtia dhambini, wakaelezwa kuwa ni kukaa kwake ilhali mwenyeji hana cha kumkirimu. Hapo ndipo mtu husengenya, husema uongo au hukopa. Nayo Suratul Ahzab, aya ya 53, iliwaamrisha waumini walioalikwa nyumbani kwa Mtume (s.a.w.) watawanyike wakishakula, wala wasibaki kwa mazungumzo.

Basi kata tiketi ya kurudi siku ile ile unayokata ya kwenda, na mtajie mwenyeji tarehe yake. Utakuwa umempumzisha kabla hujafika, na atakapokualika tena, atakualika kwa moyo mkunjufu.

Wabillahi tawfiq.