Mfereji wa Mvua Si Shimo la Maji Machafu

Mji wa Bujumbura umelala baina ya milima na Ziwa Tanganyika. Mvua inyeshapo milimani, maji huteremka kwa kasi katika mito ya Ntahangwa, Muha na Kanyosha. Yale yaangukayo juu ya mapaa na barabara hupokelewa na mifereji iliyojengwa kandokando ya njia. Mifereji hiyo ina kazi moja tu, nayo ni kuyafikisha maji ya mvua mtoni na ziwani pasipo kubomoa nyumba za watu. Haisafishi chochote. Kinachotiwa humo ndicho kifikacho ziwani.

Maji machafu ya nyumbani yana njia nyingine. Katika baadhi ya mitaa yapo mabomba ardhini yanayoyapeleka Buterere, kwenye mabwawa ya kuyasafisha. Pasipo na mabomba hayo, nyumba hutumia shimo ambalo wengi huliita fosi, nalo lijaapo huitwa lori la kulinyonya.

Walakini wako wanaozichanganya njia hizo mbili. Mmoja hupitisha bomba la bafu chini ya ua, kwa siri, hadi mferejini. Mwingine hungoja mvua kubwa ndipo alifungue shimo la choo, akidhani mvua itamsitiri. Mwenye gereji naye humwaga oili chafu. Kila mmoja wao hujiona ameokoa fedha, kumbe gharama haikufutika, bali amemtwisha jirani akaaye bondeni. Mfereji ufurikapo, uchafu wa mtu wa juu huingia jikoni mwa mtu wa chini.

Yaliyotokea yanatosha kuwa funzo. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Februari 2014, mafuriko yalizivamia Kamenge, Kinama na mitaa ya jirani, yakaua watu zaidi ya 60. Mvua kama ile haizuiliwi na mfereji peke yake. Lakini mfereji uliokwisha jaa matope na taka hauwezi kusaidia hata katika mvua ndogo. Tena, mwanzoni mwa Januari 2023 serikali ilitangaza kipindupindu mjini Bujumbura. Ugonjwa huo husafiri kwa kinyesi kilichoingia katika maji au chakula. Regideso huyasafisha maji ya ziwa kabla ya kuyagawa, bali mama atekaye kwa ndoo ufukweni hana mtambo wa kumkinga.

Sheria ya Maji ya tarehe 26 Machi 2012 inalinda mito na maziwa yasichafuliwe. Aidha, tarehe 12 Juni 2003, Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia zilitia sahihi mjini Dar es Salaam mkataba wa kulihifadhi Ziwa Tanganyika. Ziwa hilo lina mto mmoja tu wa kutolea maji, nao ni Lukuga, upande wa Kongo. Kwa hiyo uchafu uingiao hukaa humo muda mrefu mno.

Namna ya kumgundua mvunja sheria si ngumu. Wakati wa kiangazi, baina ya Juni na Septemba, baada ya siku kadhaa bila mvua, mfereji hupaswa kuwa mkavu. Ukionekana unatiririka povu la sabuni, mafuta au maji yanukayo, hapana budi pana bomba la siri. Yafaa kuufuata mfereji kuelekea juu mpaka mahali unapokauka. Bomba litakuwa katikati. Kisha nyumbakumi aarifiwe, naye amwarifu mkuu wa mtaa, ili mwenye nyumba aamriwe kulikata.

Jambo hili linazihusu hasa familia za askari na polisi. Huenda kesho baba akatumwa kumkamata mwenye gereji. Je, atasimama mbele yake kwa uso gani, ikiwa maji ya kufulia ya nyumbani kwake yanaishia katika mfereji uleule? Wananchi huitii amri upesi zaidi wamwonapo mwenye kuitoa akiitii kwanza. Basi kabla ya masika, kila nyumba, ya kambini na ya mtaani, na ifuate bomba lake kwa macho tangu bafuni na jikoni hadi mwisho wake. Liishialo mferejini likatwe, na maji yake yaelekezwe shimoni.