Nani Anakaa na Mama Saa ya Utungu?

Mwanamke anapopelekwa materniti usiku, jamaa yake humsindikiza: mama mzazi, wifi, na jirani aliyejitwika beseni na vitenge. Kisha mlango hufungwa. Yeye huingia peke yake, nao hubaki barazani wakisikiliza. Ndiyo desturi ya nyumba nyingi za uzazi za kwetu, nasi twajua sababu zake: chumba ni kimoja, vitanda vimesongamana, pazia hakuna, na mkunga mmoja ana akina mama wengi wa kuwaangalia. Hatuandiki leo ili kumlaumu mkunga huyo. Twataka kuwaonyesha wasomaji wetu kwamba mlango ule huacha nje msaada usiogharimu fedha, msaada ambao wataalamu wamekwisha kuupima kwa hesabu.

Zamani, mama aliyezaa nyumbani hakuwa peke yake. Mwanamke mmoja alimpokea mtoto, na mwingine alimshika mama mgongo. Kuzaa kulipohamia hospitali tulipata faida kubwa, wala tusijidanganye: damu ikimwagika, au mtoto akikwama, wokovu uko hospitali, hauko juu ya mkeka wa nyumbani. Walakini katika kuhama tulimchukua yule mpokea mtoto, tukamwacha yule mshika mgongo.

Huko Marekani, ambako akina mama walianza kuzaa hospitali mapema kuliko sisi, mshika mgongo huyo alikumbukwa tena, akaitwa doula. Ni neno la Kiyunani, na maana yake ni mtumishi wa kike. Bibi Dana Raphael alilitumia mwaka 1973 katika kitabu chake juu ya kunyonyesha. Jina ni geni, lakini nyanya zetu waliifanya kazi hiyo bila kuipa jina lolote.

Mwaka 1980 madaktari Sosa, Kennell, Klaus na wenzao walitangaza habari za hospitali moja ya nchi ya Guatemala. Kundi moja la akina mama liliachwa katika utungu kwa desturi ya hospitali, na kila mama wa kundi la pili alipewa mwanamke wa kukaa naye. Wanawake hao hawakuwa wakunga, wala hawakujuana na wazazi kabla ya siku hiyo. Kazi yao ilikuwa kumshika mama mkono, kumsugua mgongo na kumsemesha. Kati ya wale waliojifungua bila matatizo, walioachwa peke yao walikaa katika utungu saa 19 kwa wastani, na waliokuwa na mwenzi hawakufika saa 9. Akina mama waliolinganishwa hivyo walikuwa 40 tu, kwa hiyo twaipokea hesabu hiyo kwa tahadhari.

Habari ya Houston, nchini Marekani, ya mwaka 1991, ni ya ajabu zaidi. Akina mama 616 waliozaa mara ya kwanza walilinganishwa katika mafungu matatu. Fungu la kwanza walikuwa na doula. Fungu la tatu hawakuwa na mtu. Katika fungu la pili aliwekwa mwanamke mmoja mbali na kitanda, akiandika mambo aliyoyaona, bila kusema na mama. Waliopasuliwa walikuwa 18 kwa mia katika fungu lisilo na mtu, 13 kwa mia kwa wale waliotazamwa tu, na 8 kwa mia kwa wale waliokuwa na doula. Hata yule aliyenyamaza alionekana kufaa kitu! Nasi twajua maana ya kupasuliwa katika jamaa zetu: gharama, kidonda, na hatari katika mimba ifuatayo.

Na mwaka 2017 zilikusanywa habari za uchunguzi 26, wenye wanawake 15,858 wa nchi mbalimbali. Hapo utungu ulipungua kwa dakika kama 40 tu. Lakini waliopasuliwa walikuwa wachache zaidi, na akina mama waliolalamikia kuzaa kwao walipungua. Wala hakuna dhara lililoonekana. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba kila mama awe na mwenzi katika utungu, mtu amtakaye mwenyewe.

Sababu yake si uchawi. Mwili wa mwenye hofu hutoa adrenalini, ile inayompa mtu mbio akiona nyoka. Ikizidi, huweza kuzuia kazi ya mfuko wa uzazi. Mama anayekaripiwa, anayeambiwa anyamaze, huongezewa hofu. Na karipio la namna hiyo, twalisema wazi, halifai popote.

Basi achaguliwe nani? Mama mzazi, dada, shangazi, hata jirani, mradi awe mtulivu na mwenye kutunza siri. Mama mkwe naye yafaa, ikiwa mkwewe ndiye amwitaye. Twasema hivi kwa heshima. Ampe mama maji, amtembeze, amfute jasho, amkande kiuno. Asimpime, wala asimkandamize tumbo, wala asimnyweshe majani ya kuharakisha utungu: mfuko wa uzazi waweza kupasuka, na mama na mtoto wakafa. Lakini akiona kitenge kinalowa damu, aite mkunga mara moja. Mkunga mwenye wagonjwa wengi hana macho ya kutosha kila kitanda. Mwenzi huyu humwongezea macho mawili.

Akina baba watauliza nafasi yao. Chumba kikiwa na wanawake wengine, si adabu mume kuingia. Yeye aende pamoja na mkewe wakati wa kupima mimba, aulize mapema kama mwenzi ataruhusiwa. Akijibiwa kwamba pazia hakuna, kitenge kimoja na kamba vyatosha kukitenga kitanda, na vyote viwili vyaenea ndani ya beseni.